Maziwa ya Bosi

Nyumbani walimwita Bosi kwa sababu hakuwahi kuomba kitu. Aliamuru. Alikuwa hajafikisha miaka miwili, maneno yake yalihesabika, lakini alijua kunyoosha kidole na kukunja uso, na watu wazima wakatii. Baba yake, fundi wa lifti, mtu aliyezoea kuning'inia kwenye mashimo ya lifti za majengo marefu bila kutetemeka, akisikia sauti ya binti yake alikuwa anaacha kijiko hewani na kwenda kumuuliza anataka nini.

Mama aliyemlea hakuwa mama aliyemzaa. Aliyemzaa alikwisha kufariki Bosi akiwa bado wa kubebwa kwenye shali, kwa ugonjwa uliomchukua polepole. Fundi alipeleka picha ndogo ya marehemu kwenye studio moja, iliyobanwa katikati ya duka la dawa na fundi viatu, ili ikuzwe na kutiwa fremu. Mpiga picha aliyempokea hakumwuliza maswali. Aliifanya kazi ile vizuri kupita malipo yake, akaondoa mikunjo yote ya karatasi lakini akaacha kikovu kidogo cha kwenye nyusi, akisema, "Hiki ni chake, tusimwondolee." Fundi akarudi tena kuchukua picha ambayo alikwisha kuichukua. Akarudi mara ya tatu na mtoto. Mwishowe wakaoana, bila kishindo, na mpiga picha akaingia katika nyumba yenye mtoto mmoja, fremu moja ukutani, na chupa za maziwa nyingi kuliko vikombe.

Kazini, mpiga picha alisifika kwa kuwachekesha watoto. Aliweka bata wa mpira kichwani, akachungulia nyuma ya kamera, akaimba, "Cheka! Cheka, cheka, cheka!" na hata mtoto aliyetoka kuchomwa sindano angeachia jino. Bosi, siku ya kwanza alipopelekwa huko, hakucheka. Alimtazama yule bata kama anayemwonea huruma. Kitu pekee alichokubali kutoka studio ni jina: tangu siku ile akamwita mpiga picha Cheka, na Cheka likabaki.

Siku za mwanzo Cheka hakuruhusiwa kumgusa. Akimshika, Bosi alikuwa anakakamaa kama ubao na kupiga yowe la kumwita baba yake. Cheka alijikaza. Alifua nguo zake, akampikia, akampangia viatu, akakaa mbali. Kisha ikatokea jioni moja lifti ikakwama kwenye jengo la ofisi, fundi akachelewa, na Bosi akawa na njaa. Cheka akapasha maziwa, akayatia chupani, akaketi sakafuni akiegemea kochi, chupa mkononi, kimya. Bosi akaja, akaipokonya, akaondoka nayo hadi mlangoni. Akasimama hapo. Unajua chupa hainywewi vizuri mtu akiwa wima. Akarudi, akageuka, akajitupa mgongo wake kwenye mapaja ya Cheka, akaanza kunyonya huku macho yamekazia dari, kana kwamba amekaa kwenye kiti tu, si kwa mtu. Lakini kabla maziwa hayajaisha, mkono wake mmoja ulikuwa umepapasa mpaka ukapata kidole cha Cheka, ukakishika.

Tangu hapo, kila jioni ilikuwa hivyo. Mchana Bosi aliweza kumnunia Cheka atakavyo, lakini jua likizama na chupa ikatoka jikoni, mapaja yalikuwa yake. Cheka alizoea kukaa na kiatu mguuni na ganzi kiunoni asije akamsumbua.

Asubuhi moja kadi ya matibabu ya Bosi ilihitaji picha mpya. Cheka akampeleka studio, akampiga alivyo, amefungua mdomo kumwamuru fundi viatu wa jirani. Akaiweka picha kwenye kompyuta na kuikuza, kama afanyavyo kwa kila uso: hapa kufuta chunusi, pale kupunguza mng'aro wa jasho. Kwenye meno mawili ya juu, karibu na ufizi, akaona mstari wa hudhurungi. Akadhani ni biskuti. Mkono ukaenda wenyewe kuufuta, ukafuta nusu, halafu akasimama. Akaurudisha ule mstari. Akakuza zaidi. Haikuwa biskuti.

"Hili ni doa la maziwa," nesi wa kliniki alisema kesho yake, akiwa amemwinua Bosi kidevu kwa kidole kimoja. Alikuwa mwanamke mnene mwenye haraka, anayeongea huku akiandika. "Analala na chupa?"

"Anasinzia nayo."

"Ndiyo hivyo. Maziwa yanakaa mdomoni, meno yanaoga humo. Bado ni mapema, daktari wa meno atampaka dawa. Lakini chupa, mama, ziage. Mtoto mkubwa huyu. Anza na za mchana, ya jioni iwe ya mwisho. Mpe kikombe, kikombe cha kawaida, amwage, ajifunze."

"Na asipokunywa?" Cheka akauliza. "Nitajuaje kama anapata ya kutosha?"

Nesi akaacha kuandika. "Umri huu hahitaji ndoo. Vikombe viwili vidogo kwa siku, vitatu visivyojaa, vinamtosha. Akikataa kunywa, tia kwenye uji, ponda viazi kwa maziwa, mpe mtindi. Anapata njia zote hizo. Mwenye tumbo ni yeye, atakudai." Kisha akamtazama Cheka usoni, akalainisha sauti. "Usiogope. Hakuna aliyeolewa ananyonya chupa."

Cheka akacheka, lakini njiani kurudi kicheko kikaisha. Hakuogopa maziwa peke yake. Chupa zile zilinunuliwa na marehemu. Dawa alizokuwa akitumia zilimkataza kunyonyesha, akachagua chupa zenye nyota za bluu, akawa anamnywesha mwanawe mwenyewe mpaka mikono ilipokosa nguvu. Baada yake, aliyezishika ni mama yake mzazi, Bibi wa Bosi, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, aliyeishi mtaa wa pili na kukaa na mjukuu mchana kutwa wakati wao wako kazini. Kila asubuhi chupa ilienda kwa Bibi begini imejaa, kila jioni ikarudi imeoshwa ikang'aa. Sasa mke mpya ndiye akamwambie mama wa marehemu kwamba chupa zitupwe? Cheka aliyasikia maneno ya watu kabla hayajasemwa: mama wa kambo huyo, amemnyang'anya mtoto hata maziwa.

"Mwambie wewe," alimwomba mumewe.

"Mimi?" Fundi akashika kifua. "Lifti nasikilizana nazo. Mama mkwe akinikazia macho mpaka leo nasimama wima kama mwanafunzi wake."

"Basi tusimwambie bado. Tuanze hapa nyumbani, kwake iendelee hivyo hivyo kwanza. Akizoea kikombe, ndiyo tuseme."

Fundi akakubali haraka mno.

Walinunua kikombe chenye masikio mawili na mfuniko. Bosi akakivaa kichwani. Walinunua chenye picha ya mbwa. Akambusu mbwa, akamimina maziwa kwenye buti la baba yake, akachungulia ndani kuona yameenda wapi. Walinunua chenye mrija. Mrija akautafuna ukawa kama mswaki. Kila kikombe kilipofikishwa mdomoni alibana midomo, akatikisa kichwa mpaka nywele zikaruka, akasema neno lake alipendalo kuliko yote: "Siyo!"

Cheka akawa mtu wa kupimapima. Maziwa aliyomwaga Bosi mezani aliyakadiria kwa uzito wa tambara. Akaponda viazi kwa maziwa, akapika uji kwa maziwa, akaficha mtindi ndani ya ndizi. Bosi alikula vizuri, hilo alishukuru. Lakini kunywa, hata funda. Usoni pa Bosi, Cheka akaanza kuona mambo ambayo hayapo: mashavu yamepungua, shingo imerefuka. Kazini alimkuza yule mtoto wa pichani akalinganisha. Mwenye studio akamwambia, "Mama, huyo mtoto ana mashavu ya kugawia jirani," naye hakuamini.

Mwishowe ikafika zamu ya chupa ya jioni. Cheka alikaa mahali pake, akaegemea kochi, kikombe mkononi. Bosi akaja mbio, akakiona, akasimama. Akatazama nyuma ya mgongo wa Cheka kama chupa imefichwa huko. Akainua mto. Kisha akaondoka, taratibu, akaenda kwa baba yake, akamnyooshea mikono. Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali.

Cheka akabaki pale sakafuni na mapaja matupu. Hapo ndipo alipojua anachokiogopa hasa. Meno yatapona, maziwa yatapita kwenye viazi, lakini mtoto huyu alimjia kwa ajili ya chupa. Chupa ikiondoka, yeye ni nani? Ni mtu anayeishi hapa, mwenye bata kazini.

Fundi, ambaye hakuwa mjinga, alimwona. Akaenda jikoni, akarudi na chupa. "Tumpe tu leo," alisema kwa upole. "Leo tu."

Cheka alijua haifai. Akaipokea. Bosi akashuka kutoka kwa baba yake, akajitupa mapajani, akanywa, akashika kidole. Cheka akamwacha asinzie, kisha akafunga kitambaa chenye maji kidoleni akayafuta yale meno mawili, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni. Fundi akajifanya anatengeneza rimoti.

Siku ya pili umeme ulikatika mtaa mzima wa studio. Mwenye studio alifunga mlango mchana, na Cheka, asiye na la kufanya, akaenda kumchukua Bosi mapema.

Mlango wa Bibi ulikuwa wazi kuvuta upepo. Cheka alivua viatu mlangoni, akataka kubisha hodi, akaacha. Bosi alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya meza ndogo, leso imefungwa shingoni. Mikono yote miwili ilishika kikombe kifupi cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, amerudisha kichwa nyuma anakunywa, glu, glu, glu, kama fundi wa ujenzi aliyetoka juani. Akakishusha. Masharubu meupe. "Aaah!" Akakigongesha kwenye kikombe cha chai cha Bibi. "Ngeza!"

"Naongeza, Bosi, usinifukuze kazi," Bibi akasema, akamimina kidogo. Pembeni ya sinia la vyombo ilisimama chupa yenye nyota, imekwisha oshwa, imepinduliwa inakauka.

Bosi ndiye aliyemwona kwanza. "Cheka!"

Bibi akageuka. Mwanamke yule aliyewahi kulisha bweni zima bila kuinua sauti, akashtuka kama aliyefumaniwa. Akaweka jagi chini. Akalichukua tena.

"Umewahi leo, mwanangu."

"Umeme umekatika." Cheka hakuweza kuondoa macho kwenye kikombe. "Shikamoo, Mama. Anakunywa kwa kikombe."

"Marahaba. Anakunywa."

"Tangu lini?"

"Muda." Bibi akafuta meza isiyokuwa na maji. "Tangu kabla ya mvua hizi. Nakunywa chai, akakitaka changu, nikamtafutia chake. Haikuwa kazi."

"Na chupa ninayoleta?"

"Naimimina hapo. Naiosha. Nairudisha begini."

Cheka akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu bila kukaribishwa. Siku zote hizo alizokuwa akipima matambara, mtoto alikuwa anashiba mtaa wa pili. Hakujua acheke au akasirike, na ndani yake kukawa na kitu kingine kidogo, cha wivu, alichokionea aibu. "Kwa nini hukuniambia?"

Bibi alimfungua Bosi leso, akamshusha, Bosi akaenda kukagua viatu vya Cheka mlangoni.

"Kuna jioni nilikuja kwenu," Bibi akasema, "kuleta sweta lake alilosahau. Pazia lilikuwa wazi. Kabla sijabisha nikawaona. Umekaa chini na kiatu mguuni, yeye kakulalia anakunywa, kakushika kidole." Akamtazama Bosi kule mlangoni. "Mtoto yule alikuwa hashikwi ila na mimi na baba yake. Tangu mama yake aondoke, nilikuwa najiuliza, nikifa mimi, nani atamshika? Nikasema moyoni, sasa mimi ni nani nikavunje hili? Nikikuambia aache chupa, nitakuwa nimemtoa mapajani mwako. Nikalitundika sweta kwenye kitasa, nikaondoka zangu."

"Tulidhani jirani ndiye aliyelileta," Cheka akasema. Akaziba uso kwa viganja. Alikuwa anacheka na kulia, havitenganishiki. "Mama, mimi nilikuwa nakuogopa wewe. Nesi kasema chupa ziachwe, meno yanaharibika, nami nashindwa kufungua mdomo. Chupa alizinunua marehemu. Nikasema utaona nafuta alama zake."

Bibi akafanya jambo ambalo Cheka hakuwahi kuliona likifanyika katika nyumba ile: akacheka kwa sauti, akajipiga paja.

"Chupa zile? Alizichukia! Alizinunua akilia. Kila akiziosha ananung'unika. Kama ni alama yake unaitafuta, mtazame huyo." Akaelekeza kidevu mlangoni, ambapo Bosi alikuwa anajaribu kuvivaa viatu vya Cheka vyote viwili mguu mmoja na anavikaripia. "Ubishi huo ni wa mama yake, mzima mzima."

Wakanywa chai. Cheka akamweleza kuhusu kikombe cha mbwa, cha mrija, cha kichwani, na Bibi akawa anasikitika kama mpishi anayesimuliwa chakula kilichoungua.

"Hamkumpa kikombe, mlimpa mwanasesere," akasema. "Huyu anataka anywe kama watu. Kunywa na wewe. Tia kidogo tu, la sivyo kinamzidi uzito. Na usimwangalie. Ukimwangalia anajua unataka."

"Lakini hapa anakaa kwenye kigoda," Cheka akasema. Akasitasita. "Nyumbani… ilikuwa mapajani."

"Basi mkalishe mapajani. Nani kakuambia mapaja ni ya chupa?"

Bibi aliwapa kikombe kingine cha bati, pacha wa kile, chenye ukingo uliobanduka upande mmoja.

Jioni ile haikwenda kama kwa Bibi. Bosi alikitazama kile kikombe kwa mashaka, kama mtu anayekutana na mwalimu wake sokoni: anamjua, lakini hapa anafanya nini? "Chupa," akasema.

"Chupa hamna leo. Maziwa yapo," Cheka akajibu, akaegemea kochi na kikombe chake cha chai, akatazama ukutani. Fundi akaketi upande wa pili na cha kwake, naye akatazama ukutani, kwa juhudi kubwa.

Bosi akalia. Akajitupa sakafuni, akalia kwa kituo, akifungua jicho moja kuona kama kuna mabadiliko. Hakukuwa na mabadiliko. Watu wazima wawili walikuwa wanakunywa chai. Fundi alifanya kosa la kusema "Aaah!" baada ya funda, na kilio kikakatika.

Bosi akainuka. Akaja. Akagongesha kikombe cha bati kwenye cha baba yake, maziwa kidogo yakamwagikia zulia, kisha akamgeukia Cheka na kukigongesha na chake. Akakaa. Hakulala chali safari hii, kwa kuwa kikombe hakinywewi hivyo. Alikaa wima kwenye mapaja ya Cheka, mgongo kifuani pake, kichwa chini ya kidevu. Akanywa. Nusu iliingia mdomoni, nusu ilimshukia Cheka mkononi na kwenye sketi. Cheka hakusogea.

"Ngeza," Bosi akasema.

Fundi akamimina kidogo. Akanywa tena. Mara ya tatu akakataa, akakisukuma kikombe, na Cheka akajiandaa. Sasa ameshiba. Sasa atashuka.

Kazi haikuisha siku ile. Kesho yake aligoma, kesho kutwa akanywa funda moja akamwaga mengine kwa makusudi, na Cheka akatumia wiki nzima kumpigia Bibi simu mchana kuuliza, "Amekunywa kiasi gani huko?" Bibi akajibu, "Cha kutosha, ponda viazi ulale," na mara nyingine ni Bibi aliyempigia yeye. Daktari wa meno alipaka dawa yake na kusema doa halijaendelea. Chupa za nyota Bibi mwenyewe alizitia kwenye mfuko na kuondoka nazo, hakusema alizipeleka wapi na hakuna aliyemwuliza.

Lakini jioni ile ya kwanza, kikombe kikiwa kimewekwa pembeni, Bosi hakushuka. Alijisogeza, akajiegesha vizuri, akatafuta kidole cha Cheka kilicholowa maziwa, akakishika. Fundi akainuka kumchukua ampeleke kitandani.

"Siyo!" Bosi akamwambia baba yake, bila kufungua macho.

"Umesikia," Cheka akasema kwa sauti ya chini, "siyo," na fundi akarudi kuketi.